Mdai Mmoja wa Lupiro

Vita vya Maji Maji vilipokwisha, askari wa Wajerumani walikuwa wameshachoma vihenge vya mpunga karibu bonde zima. Wendelin, mvuvi wa Ifakara aliyefiwa na mkewe katika njaa iliyofuata, alinusurika kwa kukopa. Jumbe alimlipia kodi asije akachukuliwa kazi za kulazimishwa. Mhunzi Dionisi alimpa jembe. Kaka yake, Nikodemu, alimpa mbegu ambazo watoto wake mwenyewe walikuwa wakizililia.

Kisha mto ukafurika, mpunga ukaoza shambani. Wendelin akawa hawezi kupita njiani bila kudaiwa.

Ndipo akasikia habari za Bibi Balbina, ng'ambo ya mto, Lupiro. Nyumba yake haikuguswa na moto, na vihenge vyake vilikuwa vimejaa. Akavuka kwenda kumwona.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wanaokudai nitawalipa wote," alisema bibi kabla hajaulizwa. "Utabaki na mdai mmoja tu, mimi. Utanilimia, na kila mavuno deni litapungua. Ila niambie, hao watu wako wanakuitaje?"

Swali lilimshangaza, lakini alijibu. Jumbe humwita mvuvi wangu. Dionisi humwita shemeji, kwa utani tu. Nikodemu humwita mdogo wangu. Bibi Balbina aliyarudia yale maneno polepole, kama mtu anayeonja mchuzi.

Mpunga ulivushwa kwa mitumbwi. Wendelin alipoona umepokelewa, alijisikia mwepesi, akaenda kwa Dionisi kupiga soga. Mhunzi aliinua macho kutoka kwenye moto.

"Karibu, mgeni. Umetokea wapi?"

Wendelin alicheka. Dionisi hakucheka. Jumbe naye alimpita njiani bila kumtazama. Wendelin akakimbilia kwa kaka yake, akamkuta anasuka mgono wa kuvulia.

"Kaka, ni mimi!"

Nikodemu alimsogezea kigoda kwa adabu, akaagiza aletewe maji. "Unafanana na mdogo wangu," alisema. "Lakini yeye alikufa vitani. Hatukuupata hata mwili."

Wendelin hakuyangoja maji. Alivuka mto kurudi Lupiro.

"Nirudishie madeni yangu, bibi."

"Nimeshayanunua," alijibu Bibi Balbina. "Hapa duniani nimebaki mimi tu ninayekufahamu. Jembe lile pale."

Shambani alikuta wanaume na wanawake wengi, wamejipanga wanalima. Hawakusalimiana. Bibi alipopita, kila mmoja aliinua uso na kungoja kuitwa. Alipoitwa kwa neno walilomwita kwao, alitabasamu kama mtoto mchanga. Haikuchukua muda, Wendelin naye akaanza kungoja hivyo hivyo, na jambo hilo lilimtisha kuliko yote. Akalima kwa hasira, masika na kiangazi, akila kidogo ili amalize upesi.

Siku alipomimina kapu la mwisho la deni kwenye kihenge, aligeuka na kusema, "Bibi, nimemaliza."

Bibi Balbina alikifunika kihenge.

"Kumaliza nini, baba? Wewe ni nani?"

Nyuma yake wale wengine waliendelea kulima.

Wendelin alitembea hadi ukingoni akapanda mtumbwi. Mvushaji alivuka bila kumsemesha, kama aliyebeba mzigo. Alipofika Ifakara alikwenda moja kwa moja kwa Nikodemu, akapiga hodi kama mgeni.

"Naomba mbegu," alisema. "Sina cha kulipa. Nitarudisha wakati wa mavuno."

"Sikufahamu, ndugu. Nitakudai vipi?"

"Naitwa Wendelin. Nitajenga hapa jirani. Uje unidai kila asubuhi, mbele za watu, hata kwa matusi."

Nikodemu alisita. Kisha aliingia ndani, akatoka na kikapu kilichojaa nusu.

"Mavuno, basi," alisema. "Usipolipa nitakutafuta, Wendelin."

Wendelin alikipokea kikapu kwa mikono miwili. Alikuwa analia, na Nikodemu, bila kujua kwa nini, alimsindikiza hadi njiani.