Risasi Laini za Bunduki Yangu

Mume wangu Orrin alianza kuongea na kompyuta mwezi wa nane, mwaka ule niliokatwa titi la kulia. Orrin ni fundi bomba, hana maneno mengi, na kompyuta aliichukia tangu siku binti yetu alipotuletea. Sasa kila akimaliza chakula cha jioni anaibeba kwenda nayo gereji, kwenye meza anayotengenezea risasi zake, na mimi jikoni namsikia akigonga vitufe kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa.

Sikumuuliza. Nilidhani ananikimbia. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba vuli hii aende kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa milimani, na kaka yake, Galen, mimi nitabaki nyumbani. Tangu tuoane tumepanda mlima pamoja kila msimu, na friji letu halijawahi kukosa nyama. Lakini kitako cha bunduki kinakaa palepale penye kovu. Nilijaribu risasi moja tu, nikakaa kwenye majani nikalia kama mtoto. Orrin aliiokota bunduki, akaifuta vumbi, akairudisha kabatini.

Basi jioni moja nikampelekea kahawa. Gereji ilikuwa na joto, amevua shati. Kifuani upande wa kulia, chini kidogo ya bega, nikaona bonge la alama, jeusi katikati, zambarau pembeni.

"Orrin! Umeanguka wapi?"

Akanyakua shati. "Sijaanguka."

"Nani amekupiga, basi?"

"Bunduki yako."

Ilibidi nimng'oe maneno moja moja. Kumbe akitoka kazini alikuwa anapitia uwanja wa shabaha. Kila aina ya risasi aliyotengeneza aliipiga kwa bunduki yangu, kifua wazi, kitako amekishusha mpaka pale. Bega lake, alisema, limeshakufa ganzi kwa miaka ya kuwinda, lisingemwambia ukweli. Alitaka kujua mahali pangu panasikiaje.

"Wewe mzee una wazimu."

"Kompyuta inanipa namba tu, mke wangu. Haina kifua."

Nikavuta kigoda nikakaa.

Akanionyesha. Ile programu ya risasi iliyomo kwenye kompyuta unaiambia ganda la risasi ni la aina gani, baruti gani na kiasi gani, kichwa cha risasi kina uzito gani, mtutu una urefu gani. Nayo inakujibu: kasi ya risasi, shinikizo ndani ya bunduki, risasi itashuka kiasi gani ikifika mbali, na pigo litakalorudi begani. Orrin alikuwa amehamia kwenye kichwa chepesi na baruti kidogo. Hakuiamini mashine peke yake. Kila alichopata alikilinganisha na kitabu cha watengeneza baruti, kwa sababu baruti nyingine ukiipunguza ovyo nayo inaweza kupasua mtutu.

"Kwa hiyo nitawinda kwa risasi za watoto?" nikasema. Nilikuwa na hasira, sijui ya nini.

"Za mtu mwenye akili. Mnyama akiwa karibu, zinaua vizuri tu. Tatizo liko hapa." Akagonga kioo. "Hii inasema risasi inakwenda kasi hii. Kipima kasi uwanjani kinasema pungufu. Kila mara pungufu. Nimeshapima baruti upya mpaka macho yanauma."

Nikavaa miwani, nikasoma kila mstari taratibu. Kisha nikaanza kucheka.

"Nini?"

"Umeweka urefu wa mtutu wako, baba. Wangu si uliukata mwenyewe, mwaka tuliooana?"

Akatazama. Masikio yakamwiva. "Basi wa kwako ni mfupi."

"Wangu ni mfupi, na hujaugundua wiki zote hizi."

Alicheka mpaka akashika kile kifua kinachomuuma. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku daktari alipotuita ofisini.

Aliposahihisha, maana mtutu mfupi hupunguza kasi ya risasi, namba zikakaribiana. Akaingiza kasi aliyoipima uwanjani, na programu ikachora upya mstari wa risasi kushuka. Tangu hapo tukafanya kazi wawili. Yeye alipachika viwashio vya baruti kwenye maganda, mimi nikapima baruti kwenye mzani, yeye akakandamiza vichwa. Jumamosi nikapiga risasi ya kwanza nikiwa nimefumba macho, jambo ambalo ningemkaripia mtu yeyote. Ilinisukuma. Haikunipiga, ilinisukuma tu, kama mtu anayekupita mlangoni.

"Vipi?" Orrin alikuwa amekunja ngumi.

"Nipe nyingine."

Mwisho wa mwezi wa kumi tulipanda mlima, theluji ikiwa vifundoni. Tulikubaliana jambo moja: zaidi ya yadi mia mbili sipigi, kwa sababu risasi itafika imechoka na mnyama atateseka. Kulipopambazuka dume likatoka msituni, pembe kama kichaka kikavu, likasimama ng'ambo ya korongo. Orrin akalipimia umbali kwa darubini.

"Mia tatu na kidogo," akanong'ona.

Bunduki yake ilikuwa magotini, na mia tatu kwake si kitu.

"Piga wewe," nikamwambia.

"Sikuja kupiga."

"Orrin, usiwe mjinga. Dume kama lile!"

"Nimekuja na wewe."

Tukaliangalia likila, likageuka, likaondoka. Nikamshika mkono, glavu juu ya glavu, tukakaa hivyo mpaka mwanga wa jua ukafika chini korongoni.

Majike yalikuja saa ambayo tulikuwa tumeshafungua mikate. Matano, yakipanda taratibu upande wetu. La mwisho lilisimama ubavu wazi, karibu kabisa, nikalenga nikafyatua. Sikusikia pigo begani. Nilisikia mlio, nikaona limepiga hatua chache na kulala.

Orrin hakutazama mnyama. Alikuwa ananitazama mimi.

"Imeuma?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani? Naweza kupunguza tena. Kuna kichwa kingine chepesi zaidi, nilikuwa nakifikiria..."

"Orrin."

"Ndiyo."

"Imetosha."

Akainamisha kichwa kwenye bega langu la kushoto, nikasikia anavyotetemeka ndani ya lile koti zito. Nami machozi yalikuwa yananitoka. Galen, aliyesikia mlio, alipofika na nyumbu wake wa kubeba nyama alitukuta bado tumekaa, mnyama hajaguswa.

"Shemeji, mnachuna au mnachumbiana?"

"Tunachumbiana kwanza, subiri," nikamjibu.

Orrin akajifuta uso kwa theluji, akanipa kisu chake, akashika mguu wa nyuma, tukaanza kuchuna.