Majina ya Diski ya Pili

Vestine Mukagasana alifika Kigali mwezi wa kumi na moja mwaka 1994, akitokea Bujumbura alikozaliwa ukimbizini. Alipewa kazi katika ofisi ndogo ya Kimihurura iliyoandikisha watoto waliopotezana na wazazi wao katika vita na mauaji. Alichojua ni kupiga taipu tu. Kompyuta alikuwa ameziona kwa mbali.

Mwalimu wake alikuwa Ismaël, Mwislamu wa Biryogo, mtu wa miaka arobaini, mpole, aliyezungumza kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtu amelala chumba cha pili. Watu wa ofisini walimwita Baba Yasmina, na Vestine naye akamwita hivyo.

"Hii haiwashwi kama redio, dada," alimwambia asubuhi ya kwanza. "Inaamka polepole. Iache ijikague kwanza. Ikimaliza itakuuliza jina lako na neno la siri."

Mistari myeupe ikapanda juu ya kioo cheusi. Vestine aliandika kila hatua katika daftari. Alifundishwa kwamba unachoandika hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya mashine, na umeme ukikatika kabla hakijashushwa kwenye diski, kimekwenda. Kwa hiyo kila baada ya majina machache ilimpasa aandike amri fupi, sync, ndipo aendelee. Na jioni mashine haizimwi kwa kubonyeza kitufe, inaagwa kwanza.

"Ukiizima ghafla je?"

"Kesho yake itaamka imechanganyikiwa. Utakaa saa nzima ukiitengeneza, na majina mengine hutayaona tena."

Wiki ya pili Ismaël alichelewa, Vestine akaiwasha peke yake. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka alipofungua jalada la watoto. Lilikuwa tupu. Akafungua tena. Tupu. Majina elfu nne na zaidi, yaliyokusanywa kambini, makanisani na barabarani! Ismaël alipoingia alimkuta amesimama, mikono kichwani, machozi yanamtoka.

"Nimewafuta, Baba Yasmina. Nimewafuta wote."

Ismaël alitazama kioo, akavuta kiti. "Hujafuta mtu. Ziko diski mbili humu ndani. Watoto wako kwenye ile ya pili, nayo haijiungi yenyewe, lazima uiunganishe kwa mkono." Akamwelekeza aandike mount, jina la diski, kisha mahali pa kuipachika. Vestine akafungua jalada tena, majina yakamwagika kuanzia juu hadi chini.

Alicheka huku akijifuta macho. Ismaël hakucheka. Alisogeza kibodi upande wake, akaandika amri ya kutafuta, na baada yake jina moja: Yasmina. Mashine ikafikiri kidogo, kisha ikarudi kumngoja bila jibu.

"Leo hakuna," alisema, akamrudishia kibodi.

Ndipo Vestine alipojua kwamba alifanya hivyo kila asubuhi. Wenzake walimsimulia yaliyobaki. Siku ya kwanza ya mauaji Ismaël alikwama upande wa pili wa mji. Mkewe alikimbia na binti yao wa miaka sita. Mke alipatikana mtaroni. Mtoto hakuonekana.

Ijumaa moja, Ismaël akiwa msikitini, likaletwa fungu la karatasi kutoka Ndera, nje kidogo ya mji. Vestine alianza kuziingiza moja moja. Ya saba ilisema: Yasmina, miaka sita, baba yake Ismaël, fundi wa mashine, Biryogo. Aliletwa na watu waliokuwa wakikimbia. Chini kabisa, kwa kalamu nyingine: amefariki tarehe mbili mwezi wa tisa, kuhara damu. Aliyemlea: Épiphanie, mkulima.

Vestine aliikunja karatasi ile akaitia kwenye mkoba wake.

Jumatatu Ismaël alitafuta kama kawaida. "Leo hakuna," akasema, na usoni mwake Vestine aliona kitu kinachofanana na nafuu. Siku isiyo na jibu ilimwachia kesho. Vestine aliinamisha kichwa akajifanya anapanga karatasi. Jumanne alishindwa kuendelea kuificha.

"Baba Yasmina, kaa kwanza."

Akamtolea karatasi. Ismaël aliisoma amesimama. Kisha akauliza, "Imekuja lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa." Alihesabu kwa vidole. "Umeniongezea siku nne."

Vestine hakujua kama alikuwa akilaumiwa au akishukuriwa, na hakupata kujua kamwe.

"Mimi sitaweza," Ismaël akasema. "Nitakusomea, wewe andika." Akasoma jina, umri, mtaa, tarehe, neno kwa neno. Kwenye sababu ya kifo alielekeza kidole tu. Vestine alipomaliza, akamkumbusha kwa sauti ileile ya chini, "Ishushe kwenye diski."

Mchana ule walikwenda Ndera pamoja. Épiphanie alikuwa mjane mzee mwenye shamba la mtama, asiyeona vizuri. Aliposikia ni baba wa mtoto, alimshika mikono yote miwili kwa muda mrefu.

"Wiki mbili hakutaja jina," alisimulia. "Siku moja nilikuwa nahangaika na sindano, akaninyang'anya, akatia uzi mara moja. Akasema bibi yake ni mshonaji. Ndipo akanitajia jina lake na lako. Nilimuuguza, baba. Dawa haikuwepo. Nilimzika tunavyozika sisi, ya kwenu sikuyajua."

"Ulimfunika?"

"Kwa kitenge changu kizuri."

"Basi umemzika vizuri, mama."

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, limepangwa mawe. Ismaël alichuchumaa, akafungua viganja, akaomba. Vestine, Mkatoliki, hakujua afanye nini na mikono yake. Alianza kung'oa majani yaliyoota kati ya mawe. Dua ilipokwisha Ismaël alibaki palepale.

"Tangulia, dada," alisema bila kugeuka. "Gari litakuacha."

Jumatano hakuja kazini, wala Alhamisi. Vestine aliwasha mashine, akaunganisha diski ya pili, akaingiza watoto thelathini. Ijumaa asubuhi Ismaël aliingia, akamsalimu kila mtu. Hakwenda kwenye kiti chake mbele ya kioo. Alikaa kwenye benchi la ukutani, akaweka fungu la karatasi mapajani.

"Uko tayari?" aliuliza.

"Niko tayari."

Akaanza kumsomea majina.