Kazi Aliyochaguliwa Selina

Mwaka 1957, Selina binti Lazaro wa Ulemo alikuwa amebakiza muhula mmoja kumaliza masomo ya kemia katika chuo kikuu ng'ambo ya Ziwa Viktoria. Wakati wa likizo aliitwa bomani Singida. Chuo kilikuwa kimeanza jambo jipya: ofisa wa kuwatafutia wanafunzi kazi kabla hawajamaliza, akizunguka wilaya hadi wilaya na majalada yao.

Alikwenda na baba yake. Ofisa mwenyewe, Bwana Harker, alikuwa ameshaandaa fomu. Palipoandikwa "Kazi" palikuwa pameshajazwa kwa wino: Mwalimu, shule ya wasichana.

"Weka sahihi hapa," alisema kwa Kiswahili, ili mzee naye asikie.

"Bwana, sikuomba ualimu. Niliandika maabara, mara mbili."

"Wasichana tunawapeleka ualimu au uuguzi. Maabara hakuna nafasi. Nakupa mpaka saa tisa. Nikiondoka bila sahihi yako, jina lako nalifuta."

Walitoka barazani. Mzee Lazaro akamwambia kwa Kinyiramba, kwa sauti ya chini, "Weka sahihi. Walimu wamekosa nini?"

"Hawajakosa kitu, baba. Ila siyo kazi niliyoisomea."

"Miaka yote hii watu wananiuliza, huyu binti anasoma nini hata haolewi. Leo nikawaambie umerudi mikono mitupu?"

Selina akaketi kwenye ukingo wa baraza.

Karani wa boma, Idrissa, mtu mzima mwenye mvi, akatoka na bahasha mkononi kama anayekwenda posta. Alipowafikia akapunguza mwendo.

"Shikamoo, mzee," Selina alisema.

"Marahaba. Sikiliza. Kuna barua ya tarehe sita aliyoletewa Bwana Harker hapa bomani, imetoka maabara ya kupima maji, Dar es Salaam. Wanatafuta mtu wa kemia. Niliipiga muhuri mimi mwenyewe. Ameiweka chini kabisa ya majalada."

"Akiniuliza nimejuaje?"

Idrissa alitazama saa ya ukutani kupitia dirishani. "Ingia, mwanangu. Imebaki robo saa." Akarudi kwenye mashine yake ya chapa, pembeni mwa ofisi ile ile.

Selina akaingia. "Bwana, naomba kuiona barua ya tarehe sita kutoka maabara ya maji."

Harker aliweka kalamu chini. "Nani kakwambia kuna barua?"

Mashine ya chapa pale pembeni ilinyamaza. Selina hakuthubutu kugeuza macho upande ule.

"Ipo au haipo, bwana?"

"Nimeuliza, nani?"

Mzee Lazaro alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Bwana, mtoto kauliza ipo au haipo. Hata mimi nataka kujua."

Kiti kikakwaruza sakafu. Idrissa alisimama. "Ni mimi, bwana."

Harker akaivuta barua kutoka chini ya majalada, akaisoma. "Hawakusema wanataka msichana."

"Wala hawakusema hawamtaki," alijibu Selina.

Ofisa akalikata neno Mwalimu kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika, akamsukumia fomu. "Jaza mwenyewe. Wakikukataa, usirudi kwangu."

Selina akaandika: Maabara ya maji.

Wiki ile ile Idrissa alihamishiwa Mitundu, kituo cha mbali huko porini. Selina alimkuta akifunga godoro juu ya lori, akaanza kumwomba radhi huku akilia.

"Nyamaza," Idrissa alimwambia. "Hata mimi sikujua kama nitasimama."

Maabara ilimkubali baada ya miezi miwili, ikiwa imeuliza kwa barua mara mbili kama kweli jina lile ni la mwanamke. Lakini Selina hakungojea jibu hilo. Aliporudi chuoni, yeye na wenzake wawili walikwenda kwa mkuu wa chuo, wakadai barua zote za kazi zibandikwe nje, kila mwanafunzi asome na kuchagua mwenyewe. Walibishana asubuhi nzima, mkuu akakubali. Siku ya kwanza Harker alibandika barua kumi na moja kwenye mlango wa ofisi yake pale chuoni, na wanafunzi wakasukumana pale mpaka mmoja akavunjiwa miwani.