Aliyenisindikiza Kuchukua Majibu

Dada ndiye aliyenisindikiza kuchukua majibu, na njia nzima alinisema. Nani alinituma kupiga picha ya matiti ilhali siumwi popote? Wenzangu kiwandani walipanga foleni kwenye gari la vipimo, nami nikafuata mkumbo, basi. Picha ikaonyesha kitu, nikachomwa sindano wakatoa kinyama, na sasa nilikuwa nimeitwa hospitali.

"Ukizidi kutetemeka hivyo benchi litatuangusha," dada akasema. Ni fundi cherehani, na mdomo wake ni mkali kuliko mkasi wake. Nilijilazimisha kucheka.

Daktari, mwanamke wa makamo, alituketisha akatuonyesha picha. Aligusa kwa kalamu kidoa cheupe, kidogo kama punje ya mchele.

"Ni saratani," akasema.

Niliwafikiria wanangu, nani atawalea, kisha sikuweza kufikiria chochote. Sijawahi kuogopa vile.

"Nisikilize, mama. Hii hata mimi kwa vidole siipati. Picha imeiwahi. Kwa tunavyoona, haijasambaa. Tutaitoa, na wengi wa namna yako wanapona. Siwezi kukuahidi, ila una nafasi nzuri. Ungengoja mpaka uishike mwenyewe, pengine tungekuwa na mazungumzo mengine."

Nikamgeukia dada, nikitaka anitanie. Hakuwa ananitazama.

"Na ukishaishika?" akauliza kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake.

"Inategemea. Imekaa muda gani?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

Nilidhani anamuulizia mteja wake. Kisha akaanza kufungua vifungo. Ndani ya blauzi, upande mmoja, alikuwa ameshonea pamba na kuifunika kwa bitana, mshono safi kabisa, ili kifua kionekane sawa. Titi lenyewe lilikuwa limebonyea, ngozi imevutwa kwa ndani. Mwaka mzima alijishonea nguo za namna hiyo, nami nikimsifu jinsi zinavyomkaa. Nilitaka kumpigia kelele.

"Nilisema nikinyamaza itanyauka yenyewe," akasema, macho chini.

Daktari alimpapasa taratibu, akapanda hadi kwapani, vidole vikakaa hapo muda mrefu. Kwangu alikuwa na maneno mengi. Nilimkodolea macho nikingoja amwambie na yeye kwamba wengi wanapona. Alinawa mikono, akavuta kiti karibu na dada.

"Umekuja na nani leo?" akamuuliza.

Dada akaninyooshea kidole mimi.