Kipande Kilichofungwa Ndani

Kabla mdogo wake Chiriku hajaajiriwa ofisini kwao, dada mtu alikuwa na jina lake. Siku Chiriku alipoingia ofisini akiita "dada, dada" kila dakika, jina likazikwa. Hata Mkuu wa ofisi, aliyemzidi umri kwa mbali, akaanza kumwita Dada. Hilo lilikuwa donge la kwanza. Mengine yalifuata, na yote aliyameza bila maji.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la magodoro: meza moja ndefu, kompyuta nne, na feni isiyoacha kulalamika. Walitengeneza programu ya simu ya kupokelea mizigo. Kipande chake cha kuchagua tarehe kilikuwa cha Dada, kazi safi ambayo hata Februari haikuibabaisha. Chiriku akaja na kipande cha kusaini kwa kidole: mteja anachora sahihi yake kwenye kioo, na wino unakifuata kidole laini, hata kwenye simu ya bei ya kutupa. Waliokijaribu walisaini tena na tena kwa raha tu. Mama yao ndiyo usiseme. Alizunguka kwa majirani simu mkononi, "Hebu saini hapa uone, kaitengeneza kitinda mimba wangu." Tarehe hakuna jirani aliyewahi kuonyeshwa.

Kampuni nyingine zikaanza kuviulizia vipande hivyo ziviweke kwenye programu zao. Mkuu akaamua vifungashwe viwe maktaba, yaani furushi moja ambalo mwandishi yeyote wa programu angelipakua na kulitumia bila kuanza kuandika upya. Kazi ya kufungasha akapewa Dada. Kazi ya kuisimamia maktaba, pamoja na cheo chake, ilikuwa bado haijapata mwenyewe.

"Tusikie kwanza watumiaji wanasifia nini," alisema Mkuu, "ndipo tujue nani aisimamie."

"Si Dada huyu hapa?" Chiriku akadakia. "Mimi nani?"

Dada alikitaka kile cheo mpaka usingizi ulikuwa unampaa. Kusikia mwenzake anakigawa kama karanga kulimchoma zaidi kuliko kama angekigombea.

Sasa, mfungashaji ndiye anayeamua wageni waone nini na nini kibaki ndani. Mbele ya kila kipande huandikwa neno moja tu: wazi, au ndani. Tarehe, Dada aliiandika wazi. Alipofika kwenye sahihi, vidole vikasita. Ng'ambo ya meza Chiriku alikuwa anacheka na simu, miguu juu ya kiti, utadhani yuko sebuleni kwa mama. Dada akaandika ndani.

Hakuna aliyegundua. Programu yao ya majaribio ilikuwa humo humo ndani ya furushi, kwa hiyo iliona kila kitu. Chiriku alisaini, akapiga makofi. Ni mtu wa nje tu ambaye angekuta mlango umefungwa. Dada akalichapisha toleo la kwanza. Toleo likishaingia mtandaoni halirekebishiki. Ukikosea, unatoa lingine, na lile linabaki kama lilivyo. Alilijua hilo vizuri. Akajikaza kisabuni, akaenda kunywa chai.

Malalamiko yalifika kabla ya wiki kwisha. Mkuu akawasomea kwa sauti: "Tarehe haina neno. Ila sisi tulikuja kwa ajili ya sahihi, mbona hatuioni?" La pili lilikuwa hivyo hivyo. La tatu halikuitaja tarehe kabisa.

Mkuu akainua uso. "Nani kaifunga?"

Chiriku akalifungua furushi kwenye kompyuta yake, akaliona lile neno, akamtazama dada yake. Kisha akafunga kompyuta.

"Ni mimi," akasema. "Nilimwambia Dada aifunge, niliona bado haijaiva. Nisamehe, Mkuu."

"Ah! Si ungesema?" Mkuu akacheka. "Kazi nzuri namna hii unaificha? Acha kujidharau, mwanangu. Toeni toleo la pili."

Mwanangu! Dada aliona mambo yanavyokwenda. Kipande cha Chiriku kinatafutwa na dunia nzima, roho ya Chiriku ni nzuri, na sasa hata lile kosa limehamia kwake, na kwake linapendeza. Wivu ukampanda mpaka masikioni. Akasimama kwa kishindo, kiti kikaanguka.

"Muongo! Hakuniambia kitu. Nimeifunga mimi, kwa mkono wangu, kwa kijicho changu!" Akamgeukia mdogo wake. "Umechukua jina langu, umemchukua Mama, maktaba nayo utaichukua. Lakini kosa hili hulipati!"

Feni ikaendelea kulalamika.

"Haya, Dada," Chiriku akasema polepole, machozi yanamlengalenga. "Ni lako."

Dada akaokota kiti, akakaa, akalifuta lile neno na kuandika wazi. Kwa mara ya kwanza tangu mdogo wake aajiriwe, chumba kizima kilikuwa kinamtazama yeye.