Sijambo ya Serahangi

Asubuhi ya shauri mke wake alimfunga kamba za viatu, maana Serahangi hakuweza kuinama. Akamnyoosha kola, akamwambia kwa mara ya tatu:

"Baba watoto, wakikuuliza hali, waambie hali. Usije ukawajibu sijambo."

"Na nikisalimiwa? Ninyamaze kama gogo?"

"Sijambo yako ndiyo iliyotuponza."

Kweli ilikuwa imewaponza. Miaka ishirini na saba alikuwa serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, hata jina alilopewa na mama yake likapotelea majini. Kisha siku moja meli ikifungwa gatini kamba ilikatika, ikamchapa na kumtupa juu ya mashine ya kuvutia kamba. Pingili mbili za mgongo zikavunjika. Alipotoka hospitali, kampuni ya meli ilimpeleka kwa daktari iliyemwajiri. Daktari hakuinua macho kwenye karatasi.

"Hujambo, mzee?"

"Sijambo, daktari," akajibu, kashika ukingo wa meza, jasho linamchuruzika.

Daktari akaandika: *Mgonjwa mwenyewe amekiri kuwa hajambo. Anafaa kurudi kazini.* Kwa mstari huo mmoja kampuni ikakataa kumlipa fidia ya ulemavu.

Chumba cha usuluhishi kilikuwa na meza ndefu, viti vya plastiki na feni iliyokwaruza kila ikizunguka. Wakili wa kampuni, leso mkononi, alipiga chafya, akausoma mstari ule, akapiga chafya, akausoma tena. Serahangi hakumsikia vizuri. Ule mkwaruzo wa feni ulikuwa umeshamrudisha melini.

Alikuwa sitahani asubuhi, chuma bado kina umande, harufu ya rangi mbichi imechanganyika na chai ya Chumvi, mpishi wao. Vijana wamejipanga na nyundo za kugongea kutu. "Hamjambo?" anaita. "Hatujambo!" wanaitika wote kwa pamoja: mwenye homa, aliyeota jipu, aliyepigiwa simu jana kwamba amefiwa. Hakuna aliyekuwa akitoa taarifa ya afya. Neno lile lilikuwa kamba. Unairusha, mwenzako anaidaka, mnajua hamjaachana.

"Shahidi," aliita msuluhishi, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

Shahidi alikuwa Chumvi mwenyewe, kavaa suti ya kuazima, mikono mirefu kuliko ya koti.

"Baada ya ajali," wakili akamuuliza, "ulimsikia akilalamika?"

"Serahangi alalamike? Huyu aling'olewa jino na fundi wa injini kwa koleo, akamwambia ahsante."

Msuluhishi akavaa miwani kuficha tabasamu.

"Jibu swali," wakili akasema.

"Najibu. Ila hatujasalimiana. Hujambo, wakili?"

"Sijambo," wakili akajibu, na chafya ikamtoka hapohapo.

Chumvi akamgeukia karani. "Andika basi, ndugu yangu. Wakili mwenyewe amekiri hana mafua."

Karani alicheka kwanza, kisha watu wa nyuma, mwisho wakili mwenyewe ndani ya leso yake. Serahangi hakucheka. Msuluhishi alikuwa amemgeukia.

"Mzee, sikusalimii. Nakuuliza. Mgongo ukoje?"

Hapo alijua kitu ambacho hakumwambia hata mkewe. Siku ile kwa daktari hakuwa amejibu salamu tu. Alitaka aaminiwe. Alitaka daktari aandike vilevile alivyoandika, ili arudi. Mkoba wake wa safari ulikuwa bado nyuma ya mlango, umefungwa. Akisema kweli leo, fidia ataipata, na mkoba hautatoka tena.

"Nikikohoa naona nyota," alisema. "Viatu hivi nimefungwa na mke wangu."

"Unaweza kurudi baharini?"

Feni ikakwaruza. Chumvi akaangalia sakafu.

"Siwezi, mama."

Adhuhuri msuluhishi aliwasomea uamuzi: ulemavu wa kudumu, hafai kazi ya baharini maisha yake yote, kampuni imlipe. Nje, Chumvi alimshika kwapa kumteremsha ngazi.

"Tumewashinda, Serahangi."

"Tumewashinda," akasema, akashuka ngazi moja. "Umesikia lakini alivyosoma? Maisha yake yote."

"Nimesikia, kaka."

Nyumbani mkewe alikuwa kasimama mlangoni. "Umewaambia?"

"Nimewaambia."

Akamwomba auvute ule mkoba. Mkewe akaufungua kitandani, akatoa glavu zilizokakamaa kwa chumvi, filimbi, na ovaroli yenye mabaka ya rangi ya sitaha. Akaiweka puani kidogo.

"Niifue?"

"Iache hivyohivyo," alisema Serahangi. "Itundike ninapoweza kuifikia bila kuinama."