Nguo Isiyofuliwa

Mama Nora, jina lake la ubatizo Léontine, alipoufungua ule mfuko jikoni kwake Fisksätra, huku kwa Waswidi, alirudi nyuma akaziba pua. Ndani mlikuwa na koti na sketi. Sketi ya mwanamume, msidhani nimekosea, yenye marinda mazito nyuma na mikanda ya ngozi kiunoni. Wenyewe wanaiita kilti. Rangi yake ilikuwa ya matope, na ilinata mkononi. Ilinuka mbwa, moshi, tumbaku na mnyama aliyekufa zamani.

Vitu hivyo vilitoka kwa Göran, baba yake Liam. Huyo Liam ndiye kijana wa Kiswidi anayeishi na Nora kule Farsta, katika ile hali ambayo Waswidi wanaiita sambo: watu wanakaa pamoja, wananunua sofa pamoja, wanalea paka pamoja, na hakuna mzazi hata mmoja aliyekwenda kwa mwenzake kubisha hodi. Kwa Mama Nora hilo lilikuwa donda. Kila Jumapili baada ya ibada, Mama Orpha, kiongozi wa akina mama kanisani, alimshika mkono akamuuliza kwa upole, na Nora, bado? Upole ule uliuma kuliko tusi. Mama Nora hakutaka ng'ombe wala bahasha. Alitaka wazazi wa Liam waje, wakae kwenye viti vyake, waseme tumemwona binti yenu, tunataka tuwe ndugu. Basi.

Sasa badala ya kuja, Göran alikuwa amemwalika Évariste, mumewe, kwenye uwindaji wa älg, yule mnyama wa misitu ya huku aliye mrefu kuliko farasi. Kazi yake ingekuwa kutembea porini akipiga kelele ili wanyama wakimbilie kwenye bunduki za wenzake. Évariste ni dereva wa foklifti kwenye ghala moja Jordbro, mtoto wa mjini, mzaliwa wa Bukavu, mtu anayepiga pasi hata soksi. Hajawahi kuwinda hata panya. Lakini Mama Nora alimwambia aende, tena asiseme hapana. Huko porini, wanaume wawili peke yao, angepata nafasi ya kuuliza: mtakuja lini?

Ndipo Göran alipomwazima mavazi ya mvua. Alimweleza vizuri kabisa kwamba ni pamba iliyopakwa nta, kwamba maji yanateleza juu yake, kwamba suruali hulowa magotini kwenye majani marefu ila kilti inauacha mguu upumue. Évariste aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru, na maelezo yote akayasahau kwenye treni.

Mama Nora alichokiona yeye ni dharau. Kwa hiyo sisi ndio wa kupewa matambara, alisema. Lakini hakuwa mtu wa kulalamika akaishia hapo. Angewaonyesha watu hao kwamba nguo ikipita nyumbani kwake hutoka ikiwa nguo. Akashuka kwenye chumba cha kufulia cha jengo lao, maana zamu yake ilikuwa imefika, akatupia koti na kilti ndani ya mashine, nyuzi sitini, sabuni ya unga bila ubahili. Maji yalitoka kama chai ya rangi. Hakuridhika, akarudia. Mikanda ya ngozi alikuwa ameikata kwanza isije ikaharibika, na mahali pake akashona lastiki. Kisha pasi. Pasi ilitoa moshi kidogo, akasema ni uchafu wa mwisho huo unaaga. Marinda yakasimama wima na kilti ikanukia maua. Évariste alipoijaribu mbele ya kioo aligeuka huku na huku, na mimi kwa haki yake nasema alipendeza.

Siku ya kuwinda ilinyesha mvua ya Waswidi, isiyo na radi wala haraka, inayokunyeshea mpaka ndani ya masikio. Évariste alirudi jioni amelowa chapachapa, akasimulia akitetemeka chini ya blanketi. Kilti ilikunywa maji yote ya msitu. Ikawa nzito, lastiki ikalegea, na kila alipoinua mikono kupiga makofi ya kutishia wanyama, sketi ilishuka. Mwishowe älg alitokea kweli. Alimtazama Évariste, akaendelea kutafuna, akaondoka polepole. Hata yeye aliona hapo hapana cha kukimbiwa. Göran akaja kumsaidia. Alishika kitambaa kwa vidole, akainama, akakinusa. Akasema hakuna shida kabisa, na kwenye kituo cha treni, Évariste alipovaa tena suruali yake, akaikunja kilti na koti akaondoka navyo.

"Na ile habari yetu?" Mama Nora akauliza.

"Ningeulizaje, Mama Nora? Mikono yote ilikuwa imeshika sketi."

Kesho yake Nora alipiga simu. Hakufoka, afadhali angefoka. Alizungumza Kiswidi cha taratibu, kile cha kuzungumza na mgonjwa, akaeleza kwamba nguo ya nta haifuliwi. Inapanguswa kwa maji baridi, inapakwa nta upya kila vuli, na ukiitia sabuni umeiua. Na kilti ile ilikuwa ya babu yake Liam, aliyefariki mwaka juzi. Halafu akaomba: tafadhali Mama, usifanye jambo lolote.

Mama Nora alikatika maini. Mlango aliokuwa akiusubiri ufunguliwe, kumbe ameukomea mwenyewe, tena kwa sabuni ya unga. Évariste alimwambia aachane nayo, Waswidi husahau. Wapi! Mama Nora alilia mpaka akachoka, kisha akajikaza kisabuni, akakaanga sambusa na kuku wa kulisha kwaya nzima, akamwambia mumewe avae suti, wanakwenda kwa Göran.

Hilo halikuwa jambo dogo. Wazazi wa binti hawafungi safari kwenda kwa wazazi wa kijana. Wanangoja, hata wakiota mvi. Mama Orpha akisikia atasema Léontine amempeleka mtoto wake mnadani, na kanisa zima litaitikia amina. Aibu ilimchoma kifuani njia yote ndani ya treni ya Saltsjöbanan, bakuli la kuku mapajani. Tena walikwenda bila kupiga simu, na kwa Waswidi hilo ni sawa na kuingilia dirishani.

Göran alifungua mlango akiwa na soksi miguuni na uma mkononi. Nyuma yake mkewe, Annika, alikuwa ameshika moyo; bila shaka walidhani kuna msiba. Mama Nora hakungoja kukaribishwa. Alisema kwa Kiswidi chake, kile alichokipata kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi:

"Niliyeifua ni mimi. Si mvua, si Évariste. Niliona ni uchafu. Nisamehe."

Wakaingizwa jikoni. Kilti ilikuwa juu ya meza, imetandazwa, na kando yake kopo la nta ambalo bado halijafunguliwa. Göran hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi Mama Nora. Alisema tangu baba yake afariki alikuwa akifungua kabati na kuinusa, halafu analifunga, anakwenda kazini. Alisema hivyo akiyatazama marinda, na machozi yakamtoka. Annika akageukia dirishani kwa adabu. Mama Nora yeye hakugeuka. Alikaa karibu naye akalia naye, kwa sauti, kama inavyopasa, maana mtu haachwi amlilie baba yake peke yake.

Walipotulia Mama Nora aliuliza.

"Kama ni ya baba yako, kwa nini ulimpa Évariste? Hata kuwinda hajui."

Göran alishangaa kuulizwa. "Évariste ni baba yake Nora," alisema. "Nguo hii haitoki nje ya familia. Nilipompa, nilidhani mmeelewa."

Kumbe walikwisha kuja! Walikuja bila washenga, bila hotuba, ndani ya mfuko unaonuka mbwa, na yeye mwenyewe aliwapokea akaziba pua. Mama Nora alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Akamgeukia mumewe, akamfunga kifungo cha koti, akamnyoosha tai. Kisha akamgeukia Göran.

"Sema tena, tafadhali," alimwambia. "Lakini simama."

Göran akamtazama Annika, akaweka uma mezani, akasimama na soksi zake, akasema tena.